Baba wa kambo akiingia nyumbani, niwapeleke watoto kwa nyanya yao?

SWALI: Habari ya kazi, mtaalamu. Mimi ni mjane wa miaka 31, nauza mukene (dagaa) na samaki wa kukaushwa hapa Busia. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, akaniachia binti ambaye sasa ana miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Kuna fundi wa pikipiki ambaye tumependana mwaka mzima, sasa anataka tukae pamoja. Yeye ana kijana wake wa miaka 12 anayeishi na mamake. Dada yangu mkubwa amenikalisha chini akaniambia mwanamume hampendi mtoto asiye damu yake, na kwamba hata utafiti wa Wazungu unasema watoto wa namna hii huteswa mara nane zaidi ya wengine. Shemeji yangu naye anataka watoto waende kwa nyanya yao Tororo kabla sijaolewa. Ni kweli wako hatarini? Niwapeleke? Na nikibaki nao, wamwite baba?

JIBU: Dada, dada yako mkubwa hakukudanganya. Hiyo mara nane ipo. Lakini wewe ni mtu wa mukene, utanielewa haraka kuliko wasomi: mukene aliyeanikwa mchangani na aliyeanikwa kwenye chanja ni samaki yuleyule, ila mmoja ni wa watu na mwingine ni wa kuku. Namba nayo lazima uulize ilianikwa wapi.

Hii ilitoka Marekani, katika uchunguzi wa nne wa kitaifa wa serikali yao kuhusu watoto wanaoteswa na kutelekezwa. Habari zake zilikusanywa mwaka 2005 na 2006, taarifa ikatoka 2010. Walikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaoishi na baba na mama waliowazaa, walio katika ndoa, karibu 7 walikuwa wameumizwa au kutelekezwa kiasi cha kujulikana na walimu, madaktari, polisi au maafisa wa ustawi wa jamii. Kati ya watoto 1,000 wanaoishi na mzazi mmoja mwenye mpenzi anayekaa humohumo ndani bila ndoa, walikuwa 57. Ukigawanya unapata hiyo mara nane na kidogo. Sasa piga hesabu ya upande ambao dada yako hakuupiga: katika nyumba zilizoonekana kuwa na hatari kubwa kuliko zote, watoto 943 kati ya 1,000 hawakuingia katika orodha ya walioumizwa. Sisemi wote 943 walikuwa salama, maana mengi hufichwa chini ya mkeka, huko na huku kwetu. Nasema tu kwamba mwanamume wa kambo kuwa mtesaji ndilo jambo la nadra hata katika hesabu inayokutisha. Hatari imepanda, na lazima uiheshimu. Haijawa hukumu.

Halafu angalia neno "bila ndoa". Wamarekani walimaanisha watu wanaokaa pamoja bila cheti, na kwao mara nyingi hao ni watu ambao uhusiano wao ni wa juzi na huenda usifike mwakani. Kwetu Uganda ukihesabu kwa cheti, nusu ya mtaa wako itaingia kwenye fungu hilo, pamoja na wazee waliokaa miaka 40 na kuozesha mabinti. Mwanamume aliyepeleka wazee wake kwenu, akatambulishwa, akajulikana na ukoo, si mtu mmoja na yule aliyehamia na begi lake usiku wa Jumamosi. Kwa hiyo namba ile haikukuhesabu wewe. Ilihesabu watu wengine wenye maisha mengine, na tunachoweza kuchukua kwao ni sababu, si kiwango.

Na sababu ndizo muhimu. Uchunguzi uleule ulikuta kwamba watoto wa nyumba maskini walitelekezwa karibu mara saba kuliko wengine, na kwamba nyumba zenye watoto wanne au zaidi nazo zilikuwa na mzigo mkubwa. Unaona basi? Nyumba ya mama mmoja na mpenzi mpya mara nyingi ndiyo hiyohiyo isiyo na pesa, yenye chumba kimoja, wazazi wadogo kwa umri, kodi imechelewa, na hakuna bibi wala shangazi wa kumpokea mtoto mama anapotoka. Wataalamu wamegombana miaka mingi kuhusu kiasi gani ni damu na kiasi gani ni hayo mengine. Martin Daly na Margo Wilson wa Kanada walishikilia kwamba binadamu kwa asili humwekea akiba ya subira mtoto aliyemzaa kuliko wa mwenzake. Watafiti wa Sweden wakapekua vifo vya watoto vya nchi yao, na mwaka 2000 wakaandika kwamba hawakuona baba wa kambo akizidi. Mimi si mtu wa maabara, lakini ukiniuliza baada ya miaka mingi ya kusikiliza kesi za watoto, nitakuambia damu ina sehemu yake, ila sijawahi kuona ikifanya kazi peke yake. Kila mara ilikuwa na msaidizi: pombe, njaa, wivu, au mtoto aliyeachwa mikononi mwa mtu asiyejua kumlea.

Kabla hatujaingia kwako, tujitazame sisi wenyewe. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ilifanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2015, ikawauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Watatu kati ya wanne walikuwa wamepitia ukatili wa aina moja au nyingine. Kupigwa: wavulana asilimia 68, wasichana asilimia 59. Kuingiliwa au kuchezewa kimwili: wasichana asilimia 35, wavulana asilimia 17. Namba kubwa namna hiyo haiwezi kutoka kwa akina baba wa kambo pekee, hata tukiwakusanya wote wa nchi hii. Nyingi zimetoka katika nyumba zenye baba na mama halali, kwa majirani, na shuleni. Kiboko cha baba mzazi hatukiiti ukatili, tunakiita malezi, tukijifariji kwamba samaki mkunje angali mbichi. Dada yako anamwogopa mgeni tu, na hapo ndipo ninapoachana naye.

Basi ningekuwa mimi, ningeacha kuuliza "ni damu yake au si damu yake" nikaanza kuuliza saa. Saa kumi na moja asubuhi unapokwenda kupokea mzigo wa samaki, nani anabaki na mvulana wa miaka minne? Hilo ndilo swali. Watoto wadogo hawaumizwi na sura ya familia, wanaumizwa katika dakika fulani: mtoto amekojoa kitandani, au analia na hasemi anataka nini, na mtu mzima aliye naye amelala kwa saa tatu tu, hajui huyu akilia hivi ana maana gani, tena anaona kilio kile kama dharau kwake. Wewe mamake umemjua tangu hajaota jino, unajua kilio cha njaa na kilio cha ujeuri. Mgeni hajui. Nimeona mtoto aliyevunjwa mkono na mwanamume ambaye mtaa mzima ulimsifu kwa upole, na nikaamini kwamba kweli alikuwa mpole, kila mahali isipokuwa asubuhi ile. Mama alikuwa amemwachia mtoto wiki ya pili tu ya kukaa pamoja, kwa sababu alijua sasa nyumba ina baba na yaya hahitajiki tena.

Usimwachie. Si kwa kumshuku. Kwa mwaka wa kwanza mpangilio wako wa sasa uendelee kama ulivyo: kama mvulana anakwenda kwa jirani au kwenye shule ya chekechea, aendelee kwenda, hata kama mwanamume yuko nyumbani na inaonekana ni pesa inayopotea bure. Na kuadhibu watoto kusiwe kazi yake. Akiona kosa akuambie wewe. Wanaume wengi wema watalipokea hili kwa nafuu kubwa, kwa sababu hata wao wanaogopa kusikia "wewe si baba yangu". Atakayekasirika kwamba umemnyima kiboko, huyo amekuonyesha jambo mapema na bila gharama.

La pili ni mikono yake juu yako wewe. Nyumba ambamo mama anapigwa na nyumba ambamo watoto wanapigwa mara nyingi ni nyumba moja, na hili halijali nani alizaa nani. Pale Kampala, katika maeneo ya Makindye na Rubaga, shirika la Raising Voices na wenzake wa kituo cha CEDOVIP waliendesha kazi ya mtaani kuhusu mabavu kati ya mume na mke. Wakapima kuanzia 2007 hadi 2012, wakakuta wanawake wa mitaa iliyoshiriki wanapigwa na wenzi wao kwa karibu nusu ya mitaa mingine, na watoto wanaoshuhudia vita vya wazazi nao wakapungua sana. Hawakuwa wamewagusa watoto moja kwa moja. Ndiyo maana mama akiniambia "ananipiga mimi tu, watoto hawagusi", huwa naandika majina ya watoto kwanza. Mwaka mzima mmependana. Je, amewahi kukusukuma? Kukunyang'anya simu? Kukukemea mbele ya wateja? Jibu unalo wewe, mimi sina.

La tatu ni waragi, pombe kali ya kwetu, na sina mengi ya kusema hapo. Vile vifuko vilipigwa marufuku mwaka 2019, watu wakahamia kwenye chupa. Unajua anachokunywa, na unajua anavyokuwa akishakunywa.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko yote uko mahali ambapo pengine hujatazama: yule kijana wa miaka 12. Mwanamume huyu tayari ni baba. Anamtumia karo? Anamtembelea, au anasubiri mamake apige simu kuomba? Anamzungumziaje yule mama, kwa heshima au kwa matusi? Na kama unaweza, kwa adabu, zungumza na huyo mama mwenyewe. Najua si desturi yetu kwenda kwa mke wa zamani kuuliza habari za mwanamume, watu watasema umeshikwa na wivu. Waache waseme. Dakika kumi na yeye zitakupa zaidi ya namba zote za Marekani. Sikiliza hasa kwa nini waliachana, kisha kata robo ya maneno kwa ajili ya hasira, na ubaki na robo tatu.

Na kijana huyo naye siku moja atakuja, likizo au moja kwa moja. Nisipolisema hili nitakuwa nimekuficha. Kama mnapanga muzigo, ile nyumba ya chumba kimoja na pazia katikati, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka 12 wasiofahamiana hawalali upande mmoja wa pazia. Kijana si mbaya, ni kijana. Vivyo hivyo kwa mpwa wa mwanamume anayekuja "kwa siku mbili" kutafuta kazi mpakani, akakaa mwaka. Katika kesi nilizoshika, mara nyingi aliyemgusa mtoto alikuwa mtu wa aina hiyo, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa wa nyumba wala mgeni. Tafuteni vyumba viwili hata kama ni mbali kidogo na soko. Msipoweza bado, subirini.

Sasa Tororo. Shemeji yako huenda ana nia safi, na kwa ukoo watoto ni wa kwao, hilo nalielewa. Ila sheria isikutishe. Sheria ya Watoto ya Uganda inawapa ndugu jukumu la mzazi pale ambapo baba na mama wote wamefariki, na wewe uko hai. Hakuna mtu wa kukunyang'anya kwa sababu umeolewa. Akitaka kulazimisha, nendeni kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, yule tunayemwita probesheni, awasikilize wote wawili kabla maneno hayajawa moto.

Kuhusu usalama wenyewe, kumtoa mtoto kwa mamake hakuondoi hatari, kunaihamisha. Uchunguzi uleule wa Marekani ulikuta kwamba watoto wasioishi na mzazi yeyote nao waliumizwa zaidi ya wale wa wazazi wawili. Nyanya anaweza kuwa mtu bora duniani, lakini uliza: ana umri gani, nguvu zake zikoje, nani mwingine anaishi hapo, na watoto wangapi wa marehemu wengine tayari wako kwenye mkeka wake? Wazee wetu wamebeba yatima wa nchi hii tangu enzi za ukimwi mpaka migongo imepinda. Posho ya wazee ya serikali imekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa miaka mingi, na si kila mzee amefikia umri wa kuipata. Huwezi kulea watoto wawili kwa hizo. Nimewaona watoto wakipelekwa kijijini "kwa usalama", miaka miwili baadaye binti hasomi tena, anachunga wadogo na kuchota maji, na hakuna mtu aliyemtesa kwa maana ya kumpiga. Kutelekezwa hakupigi kelele.

Na usifikirie bodingi kama njia ya katikati, maana nasikia wengi wakifanya hivyo wanapoolewa tena. Katika wilaya ya Luwero, watafiti waliowauliza wanafunzi wa shule za msingi mwaka 2012 walikuta zaidi ya tisa kati ya kumi wamewahi kupigwa au kuumizwa na wafanyakazi wa shule. Sheria ilikataza viboko shuleni mwaka 2016, na kuna shule zimebadilika kweli, lakini mtoto wa miaka tisa aende bodingi kwa sababu ya masomo, si kwa sababu mama amepata mume.

Hapo hapo nikukumbushe jambo ambalo dada yako amelisahau: hapa kwetu, wanandoa wakiachana, si mara chache watoto hubaki upande wa baba, na anayewalea ni mama wa kambo. Kwa hiyo kesi nyingi za ukambo zilizopita mezani kwangu zilikuwa za chakula kilichopimwa kwa jicho, karo iliyolipwa kwa watoto wa huyu na si wa yule. Wewe unakwenda na watoto wako, mkono wako uko juu ya sufuria. Hiyo ni kinga kubwa kuliko unavyodhani.

Nyanya wa Tororo basi nampa kazi nyingine. Watoto waende kwake likizo, na binti azoee kuongea naye kwa simu bila wewe kusimama pembeni. Mtoto anayenyamaza kwa muda mrefu ni yule mwenye mtu mzima mmoja tu wa kumwambia, na mtu huyo ni mke wa anayemuumiza. Binti yako awe na watatu: wewe, nyanya, na senga (shangazi) au mwalimu anayempenda. Mweleze kwa lugha yenu ya nyumbani kwamba mwili wake ni wake, na siri inayomtia hofu si siri ya kutunza, hata kama ni mtu mzima amemwapisha. Mfundishe pia namba 116, laini ya Sauti ya kusaidia watoto, haina malipo. Na wewe jua kwamba makamu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) yako ndiye anayeshughulikia watoto kwa mujibu wa sheria, kazi ambayo wengine hata hawajui wanayo. Mkumbushe.

Likitokea baya, Mungu apishe mbali, msikae kikao cha wazee kula mbuzi wa maridhiano. Nenda hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zikichelewa zaidi ya hapo hazifanyi kazi, na hata ndani ya hizo 72, mapema ni bora. Kisha kitengo cha polisi cha watoto na familia. Tangu marekebisho ya mwaka 2007, kumnajisi mtoto chini ya miaka 14, au mlezi kumnajisi mtoto anayemlea, ni kosa kubwa linalokwenda Mahakama Kuu. Hakuna mume wala mjomba mwenye mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya mtoto.

Nimebakiza lile dogo uliloliuliza mwishoni, na ndilo binti yako atalikumbuka. Usiwaambie wamwite baba. Mvulana hamkumbuki aliyemzaa, atamwita baba mwenyewe kabla ya mwezi kuisha, na huna haja ya kumrekebisha. Binti alikuwa na miaka sita baba yake alipofariki. Anaikumbuka sauti yake. Kwake tumia njia yetu ya zamani isiyomgombanisha mtu na mtu: amwite Baba Fulani, kwa jina la yule kijana wa miaka 12.